Mtafiti Mwenza au Mbeba Fomu?

Mkutano wa wazazi ulikuwa unakaribia kwisha na mvua imeshaanza kugonga mabati, pale mama mmoja wa Nyamugo alipoinua karatasi juu ili prefe, yaani mkuu wa shule, aione. "Prefe, hii karatasi inasema mutoto yangu atakuwa mutafiti. Sasa ni kazi ao ni masomo? Kama ni kazi, nani atamulipa? Kama ni masomo, juu ya nini munaniomba saini?" Watu wakacheka. Prefe akamgeukia mgeni wa mradi. Mgeni akafungua faili lake, akapekua, na kabla hajapata alichokuwa akikitafuta mvua ikazidi, hakuna aliyemsikia tena mwenzake.

Swali la mama yule bado liko hewani hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Mara shirika, mara chuo, mara mwanafunzi wa udaktari kutoka Ulaya, kila mmoja anatafuta "vijana watafiti" wa kusaidia kujua kwa nini watoto wanaacha shule, kwa nini wasichana wanafeli hesabu, au walimu wanaishi vipi. Katika vikundi vya WhatsApp vya wazazi maneno ni mengi. Wapo wanaosema ni ajira ya watoto iliyovishwa jile (kizibao) la mradi. Wapo wanaosema ni bahati, kijana asiikose. Wapo pia wanaoamini kwamba mtoto ametumwa kupeleleza walimu. Kila upande umeshika kipande cha ukweli, na nusu ya vurugu iko kwenye maneno yenyewe, kwa hiyo tuanzie hapo.

Utafiti ni kuuliza jambo kwa utaratibu, hatua kwa hatua, ili mtu mwingine akitaka aweze kupita njia uliyopita na kuona kama kweli ulifika unakosema ulifika. Huku kwetu wengi tunaita ankete. Ukisema "uchunguzi" masikio yanasimama, maana uchunguzi kwetu ni wa polisi na watu wa usalama. Kijana akibisha hodi Cimpunda na kusema "nimekuja kufanya uchunguzi", mlango utafunguka nusu, na majibu atakayopata yatakuwa ya nusu mlango.

Katika utafiti wa shule mtu anaweza kuwa katika moja ya nafasi nne. Kuna mtoa habari, yule anayeulizwa na kujibu. Kuna anketeri, anayebeba fomu zilizoandikwa na wengine, akauliza, akarudisha. Kuna mshauri, anayeitwa siku moja, akatoa maoni, akanywa Fanta, akaenda zake. Halafu kuna mtafiti mwenza: anakaa mezani swali lenyewe linapochaguliwa, anashiriki kukusanya majibu, anashiriki kusema majibu yana maana gani, na ana neno kuhusu wapi yatapelekwa. (Neno "mwenza" nalo lina kicheko chake. Kwa wengi mwenza ni mume au mke, na nimeshamsikia baba mmoja akiuliza binti yake ameposwa na mradi lini.)

Tatizo ni kwamba miradi mingi hutumia jina la nafasi ya nne kwa kazi ya nafasi ya pili. Ukitaka kuzitofautisha, fikiria likelemba. Watu kumi wanaweka pesa kila wiki, na kila mmoja zamu yake inafika. Mtu anayeweka kila wiki na zamu yake haifiki kamwe hayuko katika likelemba, anawachangia wenzake bila kujua. Kijana mtafiti anaweka muda wake, miguu yake kwenye ngazi za Kadutu, na zaidi ya vyote anaweka kuaminiwa kwake: watu wanamfungulia mlango kwa sababu ni mtoto wa fulani. Maadili ya utafiti, tukiyatoa kwenye Kifaransa cha semina, ni kuuliza kama zamu yake itafika, na kama aliambiwa mapema kwamba sanduku linaweza kuibiwa.

Wanachokijua wao

Kuna anayeuliza kwa nini tuhangaike. Si watu wazima wafanye kazi yao, watoto wasome?

Nilipokuwa mwaka wa 5 wa humanité, yaani sekondari, mradi mmoja ulituchukua vijana watatu wa darasa letu. Tulipewa jile, kofia na ubao mdogo wenye kibanio. Fomu iliuliza kwa nini mwanafunzi hakuwepo shuleni, na majibu ya kuchagua yalikuwa ugonjwa, umbali, ada, kazi za nyumbani na mengineyo. Mwenzangu mmoja akasema fomu imesahau jambo kubwa: shati. Mtoto mwenye shati moja jeupe na suruali moja ya bluu hufua Jumapili, na katika miezi ya mvua hapa nguo ya Jumapili haikauki kufikia Jumatatu asubuhi. Anayekuja na shati lililolowa anatetemeka meno yanagongana, na anayekuja na fulana ya rangi anarudishwa getini. Mgeni wetu, mtu mwenye shahada zake mbili, alinyamaza kidogo, akachukua kalamu akaongeza mstari. Safu hiyo ilijaa kuliko tulivyodhani.

Ndiyo sababu. Mtu mzima hawezi kuuliza asichojua kwamba kipo. Na jambo hili si la jana wala si la kigeni kwa Waswahili. Tanzania, kati ya 1975 na 1979, katika wilaya ya Bagamoyo, watafiti wa huko na wa Finland waliendesha mradi walioupa jina la Jipemoyo, na mmoja wa waliouongoza alikuwa Marja-Liisa Swantz. Msimamo wake ulikuwa kwamba wanakijiji hawawezi kuwa shamba la kuvunwa habari tu, wanapaswa kuwa watafiti wa maisha yao. Jina lenyewe limesema. Wakati huohuo Amerika ya Kusini, kina Orlando Fals Borda wa Kolombia walikuwa wakisukuma wazo la aina hiyo. Kuwaingiza watoto na vijana ni tawi la mti huo.

Lakini rudi kwenye jile langu. Ripoti ilipotoka, sikuiona. Niliiona miaka kadhaa baadaye, kwa bahati, kwenye kompyuta ya rafiki. Habari ya shati ilikuwamo, aya nzima, nzuri, na chini yake imeandikwa kwamba ni habari kutoka uwanjani. Uwanja ule ulikuwa na jina. Alikaa dawati la pili karibu na dirisha.

Na hilo ndilo lilikuwa jepesi. Zito lilikuwa la mwalimu mmoja aliyejua kwamba ankete yetu iliuliza pia kuhusu pesa ambazo wazazi wanatozwa kwa ajili ya walimu. Hakunitukana wala hakunipiga. Muhula mzima hakuniita ubaoni hata mara moja, na nilipoinua mkono macho yake yalipita juu yangu kama juu ya benchi tupu. Watu wa mradi walikuwa wameshaondoka. Hakuna mtu niliyeambiwa nimpigie.

Fomu yenye visanduku viwili

Kanuni nyingi za maadili ambazo watafiti hutuonyesha zilizaliwa hospitalini. Baada ya Vita Kuu ya Pili, madaktari wa Kinazi walihukumiwa Nuremberg kwa majaribio waliyowafanyia wafungwa, na hukumu ya 1947 ikaacha kanuni kumi. Ya kwanza inasema ridhaa ya hiari ya mtu haina mbadala. Mwaka 1964 madaktari wa dunia wakaweka azimio lao Helsinki. Mwaka 1979 Wamarekani wakatoa ripoti ya Belmont iliyoshikilia mambo matatu: kumheshimu mtu, kumtakia mema bila kumdhuru, na haki katika kugawa mzigo na faida.

Ni urithi mzuri, ila una umbo lake. Hospitalini kuna daktari na kuna mgonjwa. Daktari anajua, mgonjwa halijui lile daktari analijua, basi mgonjwa alindwe. Ndiyo maana fomu za kamati za maadili zina visanduku viwili: mtafiti hapa, mtafitiwa pale. Sasa mlete binti wa miaka 16 wa Panzi anayewauliza wasichana wa darasa lake kuhusu shule, huku naye mwenyewe akiishi kila anachokiuliza. Aende kisanduku kipi? Akiwekwa cha watafitiwa, analindwa lakini ananyamazishwa. Akiwekwa cha watafiti, ana sauti, ila tunasahau kwamba kwa Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 ya nchi yetu yeye bado ni mtoto, kwa kuwa hajafika miaka 18.

Kuna mto wa pili uliotoka upande mwingine. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka uliofuata ikiwa bado Zaire, unasema katika kifungu cha 12 kwamba mtoto anayeweza kuwa na maoni yake ana haki ya kuyatoa katika mambo yanayomhusu, na yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Mkataba huohuo, katika vifungu vingine, unaagiza mtoto alindwe dhidi ya kutumikishwa. Mto mmoja unasema mlinde, mwingine unasema msikilize. Mabishano karibu yote kuhusu vijana watafiti yanatokea pale maji hayo yanapokutana, na anayekuambia kwamba ameshayatenganisha kabisa huenda hajawahi kuingia darasani na fomu.

Wengi huleta hapa ngazi ya ushiriki wa watoto, iliyochorwa na mtafiti Roger Hart mwaka 1992. Ina vipago vinane, kuanzia chini ambako mtoto anatumiwa tu, anawekwa kama pambo au anaitwa ili aonekane ameitwa, mpaka juu ambako watoto wanaanzisha jambo na kushirikiana na wakubwa katika maamuzi. Mimi naipenda kwa vipago vitatu vya chini, maana vinataja kwa jina mambo tuliyoyaona: watoto wamevishwa fulana zenye nembo, wamepigwa picha, wamerudishwa nyumbani. Lakini watu huisoma vibaya, kana kwamba lazima kila kijana apande mpaka juu. Hart mwenyewe hakudai hivyo. Alichotaka ni mtoto awe na uchaguzi wa kushiriki kadiri anavyoweza. Mwanafunzi anayejiandaa kwa Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, huenda anataka kutoa saa mbili Jumamosi na basi. Kumlazimisha "aongoze mchakato" ni kumtumikisha kwa jina tamu.

Saini tatu, na mpangilio wake

Uongo unaosikika sana ni huu: mzazi akishatia saini, mambo yamekwisha. Shuleni kuna kukubali mara tatu tofauti. Prefe hutoa kibali, yaani mlango wa shule ufunguliwe. Mzazi hutoa ridhaa juu ya mtoto wake. Na mtoto mwenyewe anakubali au anakataa. Hili la tatu ndilo hufanywa haraka haraka, ilhali ndilo lenye mwili utakaopanda ngazi.

Mpangilio nao ni jambo. Fikiria Jumatatu asubuhi, wanafunzi wako mstarini, wimbo wa taifa umekwisha, prefe anatangaza: "Hawa wafuatao wamechaguliwa kuwa watafiti, wajitokeze mbele." Nani atabaki mstarini? Kwa karatasi wote wamekubali. Ukweli ni kwamba wametii, na kutii tumefundishwa tangu shule ya chekechea. Anayetaka jibu la kweli huwauliza vijana mmoja mmoja, mbali na mwalimu, na huwapa siku kadhaa za kulala na jambo hilo. Tena huwaonyesha njia ya kukataa isiyo na aibu. Mtafiti mmoja niliyefanya naye kazi aliwaambia vijana wamrudishie karatasi ikiwa imekunjwa, yenye saini au tupu, na yeye tu ndiye angezifungua. Zilirudi tupu nne kati ya kumi na mbili. Prefe alikasirika. Mimi nilifurahi, kwa kuwa nilijua zile nane ni za kweli.

Kwa mtafiti mwenza kuna ugumu wa ziada ambao mtoa habari hana. Anayejibu maswali anaweza kuonyeshwa maswali kabla. Lakini mtafiti mwenza anakubali safari ambayo hata kiongozi wake hajui itaishia wapi. Leo wanazungumza vitabu, kesho majibu yanawapeleka kwenye viboko. Kwa hiyo ridhaa yake haiwezi kuwa saini ya mara moja. Ni swali linalorudi: tunaanza kuhoji, bado uko? Tunaanza kuandika, bado uko? Matokeo yanakwenda kwa wakubwa wa elimu mkoani, jina lako liwepo? Na kutoka kuwe kutoka kweli. Akiondoka wiki ya tatu, analipwa za wiki mbili alizofanya? Prefe ataambiwa nini? Ukiona mradi hauna jibu la maswali haya madogo, ujue hakuna aliyefikiri kwamba mtoto anaweza kusema hapana.

Siri za jirani

Hapa ndipo naona uzito mkubwa, na ndipo semina hupita mbio.

Mtafiti akitoka Kinshasa au Ubelgiji, siri anazosikia anaondoka nazo. Kijana wa Funu anazibakiza Funu. Atakutana na aliyemhoji asubuhi bombani, jioni kanisani, Jumapili uwanjani. Anajua sasa kwamba baba wa fulani hakulipa minerval (ada ya shule) kwa sababu amehamia kwa mwanamke mwingine. Hakuomba kulijua. Tulimtuma. Tunazungumza sana kuhusu kumlinda aliyetoa siri, ni sawa, lakini na yule tuliyemtwika siri hiyo akiwa na miaka 16, nani anamuuliza analala vipi?

Halafu kuna siri ambazo hazipaswi kufichwa. Rafiki anapomwambia kijana mtafiti kwamba kuna mwalimu anayedai mwili ili atoe alama, jambo ambalo wanafunzi wa nchi hii wanalijua mpaka wamelitungia jina la mzaha, kijana afanye nini ikiwa alishaahidi "hakuna mtu nitamwambia"? Ahadi ya siri inayotolewa kwa mtoto lazima iwe na mpaka, na mpaka utajwe kabla ya swali la kwanza: utakayoniambia yatabaki hapa, isipokuwa nikisikia kwamba wewe au mtoto mwingine yuko hatarini. Hapo nitamwambia mtu mzima fulani, na nitakujulisha kwamba nimemwambia. Mtu huyo awe na jina na namba ya simu inayopokelewa. Kijana ajue pia msaada uko wapi. Mji huu una hospitali ya Panzi, inayojulikana kwa kuwatibu waliofanyiwa ukatili wa kingono, iliyoanzishwa na Daktari Mukwege mwaka 1999, na anayezaliwa hapa analijua jina hilo kabla ya kulijua la waziri.

Msimamo wangu, na najua wapo watakaouita woga: kijana mwenza asaidie kutunga maswali juu ya majeraha ya namna hiyo, asaidie kuelewa majibu, lakini asiwe yeye wa kuyauliza ana kwa ana kwa wenzake. Hiyo ni kazi ya mtu mzima aliyefunzwa. Uwezo kijana anao. Kinachonizuia ni kwamba baada ya kusikia hatakuwa na pa kwenda kukaa mbali na alichosikia.

Na kuficha majina peke yake hakutoshi. Ukiandika "msichana wa mwaka wa 4 elektrisite alisema," na darasa hilo lina msichana mmoja, umeshaandika jina lake kwa herufi kubwa. Watu wa nje hawaoni kosa hili. Watafiti wenza huliona mara moja, na ni moja ya sababu nzuri za kuwa nao mezani siku ya kuandika.

Tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23 wiki chache baada ya Goma, kuna swali jingine ambalo fomu za zamani hazikulifikiria. Kijana mwenye daftari la majina ya mitaa, sauti za watu kwenye simu na picha za madarasa anaweza kusimamishwa njiani na mtu asiyejua wala asiyetaka kujua ankete ni nini. Kile ambacho chuoni ni data, kwenye kizuizi cha barabarani kinaweza kuwa ushahidi wa ujasusi. Simu ya kijana isitumike kuhifadhi kitu chochote cha utafiti. Majibu yachukuliwe siku hiyohiyo na mtu mzima anayewajibika, na kama njia si salama, kazi isimame. Hakuna ripoti ya elimu inayostahili mtoto kulala ndani.

Pesa, jina, na nani aliyechaguliwa

Kuhusu pesa nitasema kifupi, maana naona jambo lenyewe si gumu kama linavyofanywa. Wanaosema kumlipa kijana ni kumnunua wanachanganya mambo mawili. Kumlipa mtu kwa jibu kunaharibu jibu. Kumlipa mtu kwa kazi ni kumlipa mtu kwa kazi. Anketeri mtu mzima akilipwa kwa siku na kijana aliyefanya siku ileile akipewa keki na cheti, mradi umeokoa pesa mgongoni mwake. Kiwango kisiwe kikubwa hata mzazi ashindwe kukataa, wala kisiwe pesa ya transpor iliyopewa jina la heshima. Saa ziwe nje ya masomo. Na kijana awepo pesa inapokabidhiwa, hata kama mkono unaopokea ni wa mama yake.

Jina ni gumu zaidi. Tunawaambia vijana wafiche majina kwa usalama wao, kisha tunashangaa vitabu kujaa majina yetu. Watafiti wa Bukavu wanalijua donda hili. Karibu na mwaka 2020 kundi la waliokuwa wakiitwa wasaidizi wa watafiti wa Kaskazini, yaani wa nchi tajiri, lilianza kuandika hadharani jinsi kazi yao inavyobeba vitabu vya wengine huku wao hawaonekani, hata pale walipohatarisha maisha. Itakuwa ajabu sisi tuliolia hivyo tuwafanyie vijana yaleyale. Njia ya kati ipo: majina ya watakaotaka yawekwe mwanzoni mwa ripoti kama waandishi, bila kuunganishwa na sentensi yoyote ndani yake, na swali la kutajwa liulizwe mwishoni, wanapojua ripoti imesema nini. Kijana aelezwe pia kwamba jina likishaingia intaneti halitoki.

Halafu "sauti ya vijana" ni ya vijana gani? Prefe akiombwa atoe watano, atatoa rais wa wanafunzi, anayejua Kifaransa, mtoto wa mjumbe wa kamati ya wazazi, na wawili wasiosumbua. Yule anayebeba mizigo sokoni Kadutu alfajiri kabla ya kengele hatakuwemo, wala msichana aliyerudi shuleni akiwa na mtoto. Kisha tutaandika kwamba "vijana wanasema." Kuwapata hao wengine kunagharimu: kukutana saa wanayoweza, kuzungumza Kiswahili na Mashi, kutodai mwandiko mzuri. Mwaka 2007 Laura Lundy, mtaalamu wa haki za mtoto, akikifafanua kile kifungu cha 12, alisema sauti haitoshi. Kunahitajika pia nafasi ya kuitolea, mtu mwenye mamlaka wa kuisikiliza, na alama kwamba imebadilisha kitu. Kwa lugha ya nyumbani: usimuulize mtoto anataka kula nini ikiwa sufuria imeshaepuliwa.

Mama wa Nyamugo alipata jibu lake, ingawa si siku ile. Mradi ulirudi wiki mbili baadaye na karatasi nyingine ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili: ni kazi, ya muda wa saa tatu kila Jumamosi, inalipwa hivi, anaweza kuacha, akipata tatizo shuleni mpigie huyu. Alisaini. Mwanaye naye alisaini, chini, kwa wino mwingine.

Miezi ilipita, nikaalikwa siku ya kusoma matokeo, kabla hayajachapwa. Tulikuwa darasani, madawati yamesukumwa ukutani, majedwali makubwa yamechorwa ubaoni kwa chaki. Safu ya kwanza ilisema "walioacha shule," na chini yake tarakimu kubwa kuliko zote. Kijana wa yule mama alisimama, akangoja mtafiti amalize sentensi yake.

"Yaya, hapo hapana. Hawakuacha. Walifukuzwa juu ya minerval. Kuacha ni kama mutu amekatala masomo. Hawa kila Kwanza ya mwezi wanarudiaka kwenye geti kuangalia kama jina yao ingali kwenye liste."

Mtafiti alitazama ubao. Akauliza wengine, nao wakaitikia, kila mmoja akitaja anaowajua. Akachukua kitambaa, akafuta, akachora mstari kati ya safu moja ili zipatikane mbili, na wakaanza kuzihesabu upya fomu, moja moja, wakiziweka huku na huku sakafuni mpaka kukawa giza la kutosha kuwasha tochi za simu.